Santuri Iliyonyamaza Maretadu

Ndugu msomaji, safari ninayotaka kukusimulia haikuanzia kituo cha mabasi. Ilianzia Kariakoo, jijini Dar es Salaam, katika kibanda cha fundi mmoja mzee ambaye kazi yake ni kutengeneza redio, gramafoni na vikuza sauti. Kibanda chenyewe ni kidogo mno. Mteja akiingia, fundi hana budi kusogeza kiti chake. Siku moja ya mwezi wa sita nilimkuta ameibana simu sikioni, jasho linamtiririka, akimwambia mtu wa upande wa pili: "Nisomee tena, kijana. Herufi moja moja."

Aliyekuwa akisoma ni kijana wa Maretadu, katika Wilaya ya Mbulu. Mkononi alikuwa na santuri ya babu yake, naye alitaka kujua ingeuzwa kwa kiasi gani. Juu ya jalada aliyaona maneno mawili ya Kiswahili, Bado Kidogo, pamoja na jina la bendi ya Afro 70, ambalo yeye hakulijua. Lakini palikuwa na jina jingine lililomshinda kulitamka, na ndilo alilokuwa akilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Fundi aliziandika herufi zote nyuma ya stakabadhi, kisha akanigeuzia nizione. Ilikuwa imeandikwa: Archimedes Badkar.

Kwa watu wengi jina hilo halina maana yoyote. Kwa fundi yule ilikuwa sawa na mvuvi kuambiwa kwamba nguva ameonekana Kigamboni. Santuri hiyo ilitolewa mwaka 1979 nchini Sweden, marehemu Patrick Balisidya wa Afro 70 akishirikiana na kundi la vijana wa Stockholm, na fundi, ambaye ujana wake wote aliumalizia katika mtindo wa Afrosa, alikuwa hajapata kuitia mkononi.

"Wewe si kazi yako kuzunguka nchi na kuandika?" aliniambia. "Basi nenda ukanitazamie."

Alinikabidhi bahasha ya fedha, ambazo zingetosha kununua mtamba mzuri na chenji ikabaki, pamoja na gramafoni ndogo ya kubebwa, ile inayotumia betri sita kubwa za tochi. Sharti lake lilikuwa moja: nisilipe hata senti mpaka niwe nimesikiliza pande zote mbili. Santuri ni kama nazi, alisema. Huijui mpaka uivunje. Gramafoni nikaitia katika mfuko wa shangazi kaja, nikaizungushia shuka, na mwezi wa saba nikaondoka.

Siku hizi safari ya kwenda Manyara si adhabu kama ilivyokuwa. Lami inakuchukua Dar es Salaam hadi Dodoma, ikapita Kondoa, ikakufikisha Babati. Nilipopita Dodoma nilikumbuka kwamba Balisidya alizaliwa huko huko, katika kijiji cha Mvumi, mwaka 1946. Kwa hiyo nilikuwa nimeibeba gramafoni kupita mlangoni kwao ili nikaitafute sauti yake mahali ambapo pengine hakupata kukanyaga. Baada ya Kondoa yako majabali ya Kolo yenye michoro ya watu wa kale. Basi halisimami hapo, na abiria wengi hulala usingizi wanapoyapita.

Kutoka Babati tulielekea magharibi, na mlima Hanang ukatokea upande wa kushoto, peke yake, kama mtu mzima aliyekaa pembeni ya baraza. Urefu wake ni mita 3,420 hivi, na asubuhi ile ulikuwa umejifunika wingu kichwani. Katesh, mji ulio chini yake, bado una makovu ya Desemba 3, 2023, siku ambayo tope na mawe viliteremka kutoka mlimani na kuua zaidi ya watu 80. Mama niliyeketi naye alinyoosha kidole kuelekea mkondo mmoja, akataka kusema neno, asiseme. Nami sikumwuliza.

Baada ya Katesh njia inaingia nyanda za Basotu. Hapa ndipo palipoanzishwa mashamba makubwa ya ngano katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Canada, mashamba ambayo wakati wake yalitajwa kila mara katika habari za kilimo, na ambayo Wabarabaig wanayakumbuka kwa sababu nyingine, kwani yalichukua malisho yao bora. Upepo wa Basotu hauna mahali pa kujificha, wala abiria wa pikipiki hana. Nilifika Haydom nikiwa na rangi ya udongo kuanzia kope hadi viatu.

Haydom ni mji wa hospitali. Wamisheni wa Kilutheri kutoka Norway waliifungua hospitali hiyo mwaka 1955, na kwa muda mrefu watu wa sehemu hizi wamezoea kuwaona wageni kutoka nchi za kaskazini ya Ulaya wakija na kuondoka: madaktari, wauguzi, mafundi, wanafunzi. Jambo hili nalitaja kwa sababu bila hilo santuri yetu haina maelezo. Kutoka hapo nilipanda pikipiki nyingine hadi Maretadu.

Mtu wa Pwani akifika Maretadu jambo la kwanza linalomgutusha ni baridi. Mwezi wa saba watu hutembea wamejitanda mashuka na makoti mazito hata saa nne za asubuhi, na moshi wa jikoni unakaa chini chini juu ya mashamba kana kwamba nao unaogopa kupanda. Nchi ni ya mikunjo mikunjo. Mahindi yalikuwa yamekwisha kukauka yakingoja kuvunwa, na ng'ombe walikuwa wakipita kati ya mashamba kwa njia zao wanazozijua. Nyumba nyingi sasa ni za matofali na mabati. Zamani Wairaqw walijenga nyumba za tembe zilizochimbiwa nusu ardhini, paa lake likiwa bapa na kufunikwa udongo, hivi kwamba adui aliyekuja kuteka ng'ombe angeweza kupita juu yake asijue.

Sehemu hii ya nchi yetu ina jambo ambalo wataalamu wa lugha huvuka bahari kuja kulitazama. Kiiraqw ni lugha ya jamii ya Kikushi, ambayo ndugu zake wakubwa wako Ethiopia na Somalia. Majirani Wadatoga wanasema lugha ya Kinailoti. Wanyiramba na Wanyaturu, upande wa Singida, ni Wabantu kama mimi. Na huko bondeni, Yaeda Chini, wako Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote duniani. Yote hayo yamo katika eneo ambalo mtu mwenye baiskeli nzima anaweza kulizunguka kwa siku chache. Sokoni watu hao hukutana, wakapatana bei, wakacheka na kuoana, na Kiswahili kikawasaidia pale lugha zao zinapoachana.

Mwenyeji wangu, ambaye kwa ombi lake sitamtaja jina, ana umri unaokaribia miaka themanini. Ni mtu mrefu, mwembamba, wa maneno machache, na mkono wake wa kulia una kovu la mnyororo wa trekta. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akanifundisha salamu ya Kiiraqw, ambayo ulimi wangu uliiumiza vibaya hata wajukuu wakacheka. Mkewe alileta maziwa ya mgando na ugali. Santuri haikutajwa mpaka tulipokwisha kunawa.

Ndipo aliposimama mwenyewe, akaingia chumbani, akatoka na kitu kilichofungwa katika kipande cha khanga. Jalada lilikuwa limebadilika rangi kwa moshi, na pembe moja ilikuwa imetafunwa na panya. Lakini santuri yenyewe, alipoichomoa, iling'aa kama mgongo wa samaki. Niliitazama kwa kuielekeza kwenye mwanga wa mlango, kama nilivyofundishwa na fundi. Haikuwa na dalili kwamba sindano imepata kuipitia.

"Ni kweli," alisema mzee aliponiona nashangaa. "Sijapata kuisikia."

Hadithi yake ni hii. Katika miaka ya 1970 alikuwa na redio, mojawapo ya redio chache za kitongoji kile, na jioni majirani walikuja kukaa uani mwake kusikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam. Betri zikiisha nguvu waliziweka juani juu ya paa la tembe ili zijikongoje siku mbili tatu zaidi. Kwa njia hiyo alizijua bendi zote za mjini bila kuziona: NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, na Afro 70. Wimbo wa Harusi wa Balisidya aliujua wote, na ndio uliochezwa na redio hiyo hiyo siku mdogo wake alipooa, kwa bahati ambayo mpaka leo anaihesabu kuwa ya ajabu.

Kisha, mwaka 1981 au 1982, masika yakiwa makali, gari la mzungu mmoja lilizama katika tope karibu na kwake. Mzee na ng'ombe wake wanne walilitoa. Wakati wa kazi alikuwa akiimba wimbo huo huo wa Balisidya ili kuwatuliza ng'ombe, na mgeni akaushika ule mwimbo, akataja jina la Afro 70 kwa lafudhi ya kwao. Miezi kadhaa baadaye alipita tena, akasimamisha gari, akamkabidhi santuri. Mzee alisoma jina la Afro 70 juu ya jalada, akaelewa kwamba amepewa sauti ya mtu anayempenda. Tatizo ni kwamba alikuwa na redio. Gramafoni hakuwa nayo, wala hakumjua mtu wa jirani mwenye nayo. Alisema moyoni kwamba ataipata, asubiri kidogo. Miaka ikapita zaidi ya arobaini.

Hapa nitaiacha habari ya mzee kwa muda, ndugu msomaji, ili nikueleze hao Archimedes Badkar ni akina nani, kwa kuwa mjukuu wake aliniuliza swali hilo na jibu langu lilikuwa refu.

Archimedes ni yule Mgiriki wa Siracusa, mwanahisabati, anayesimuliwa kwamba aligundua siri ya vitu kuelea akiwa ndani ya maji ya kuoga, akatoka mbio uchi akipiga kelele kwamba ameipata. Badkar kwa Kiswedi ni chombo kikubwa cha kuogea. Kwa hiyo vijana hao waliiita bendi yao "Bafu la Archimedes", na jina la santuri yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1975, ukilifasiri linakuwa kama "Rock ya bafuni kwa watoto wa umri wowote". Mtu asidhani kwa mzaha huo kwamba walikuwa wachezaji tu. Miongoni mwao walikuwamo watu kama Per Tjernberg, mpigaji wa ngoma na piano, na Jörgen Adolfsson wa saksafoni, na baadaye Bengt Berger, mpiga ngoma aliyekwenda kujifunza muziki India na Ghana.

Muziki wao ulichanganya rock ya majaribio na jazz. Jazz ninayoitaja hapa ni ile ya Wamarekani, ambayo mpigaji huachiwa uwanja akabuni papo hapo. Si lile neno "Jazz" lililokuwa mwishoni mwa majina ya bendi zetu, ambazo karibu zote zilipiga rumba. Nyimbo zao zilikuwa ndefu, nyingi hazina maneno, nazo ziliingiza ala na mapigo ya India, ya Uturuki, ya Afrika. Mwaka 1976 walitoa santuri mbili katika jalada moja. Mwaka 1977 wakatoa ya tatu, nao wakaiita Tre, maana yake tatu. Wakati huo Sweden ilikuwa na vuguvugu la wanamuziki waliokataa kuutumikia muziki wa biashara. Walianzisha kampuni zao wenyewe za santuri, na mwaka 1975, mashindano ya nyimbo za Ulaya yalipofanyika Stockholm baada ya ushindi wa kundi la ABBA, waliandaa tamasha lao la kuyapinga. Archimedes Badkar walikuwa watoto wa vuguvugu hilo.

Nakiri kwamba nyimbo zao za mwanzo si za kila sikio. Nilimsikilizisha jirani yangu mmoja kule Dar es Salaam, baada ya dakika sita akaniuliza kama wamekwisha kupatanisha vyombo.

Patrick Balisidya alikuja kwao kutoka upande tofauti kabisa. Alipita katika Dar es Salaam Jazz Band, na mwaka 1970 akaanzisha Afro 70. Alikuwa mpiga gitaa, mtunzi, mwimbaji mwenye sauti ya upole, na kijana aliyekuwa na sikio kwa kila kitu kilichokuwa kikivuma duniani. Lakini alitaka kila alichokisikia kiingie katika Kiswahili na katika mapigo ya kwetu kabla hajakitoa jukwaani. Mwaka 1977 tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, FESTAC, lilipofanyika Lagos, alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa Tanzania waliokwenda huko. Mwaka 1979 akaenda Sweden.

Kwa hiyo santuri ya Bado Kidogo ni mahali walipokutana watu waliokuwa wakitembea kwa kuelekeana. Waswedi walikuwa wameitafuta Afrika kwa kuhemea huku na huku. Sasa walikuwa na Mwafrika mbele yao mwenye nyimbo zake, na iliwapasa wamfuate yeye. Balisidya naye alipata wapiga tarumbeta na saksafoni waliolelewa katika jazz, na studio ambayo haikumharakisha. Ilikuwa santuri ya mwisho ya Archimedes Badkar, maana baada yake kila mmoja alishika njia yake. Berger alikwenda kutengeneza santuri nyingine mashuhuri iliyotokana na ngoma za maziko za Ghana, akiwa na mpiga tarumbeta Mmarekani Don Cherry.

Kwa nini basi kazi hiyo haikujulikana sana kwetu? Mtu mwepesi wa lawama atasema Watanzania hatukuithamini. Mimi nasema tuutazame mwaka wenyewe. Hapa nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nyimbo zilirekodiwa na Redio Tanzania kwa ajili ya kutangazwa, na bendi iliyotaka santuri iliitazama Nairobi. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Kenya ulifungwa na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kati ya Oktoba 1978 na katikati ya 1979 tulikuwa vitani na majeshi ya Idi Amin. Fedha za kigeni zilikwenda kwenye mafuta, dawa na vipuri. Sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Nani angeagiza santuri kutoka Stockholm? Kazi nzuri kabisa ya mmoja wa wanamuziki wetu wakubwa ilikuwa imelala katika maduka ya Sweden, ikisikilizwa na watu ambao jina lake tu, Bado Kidogo, iliwapasa waelezwe maana yake.

Na nakala moja ilikuwa Maretadu, ndani ya khanga, haisikilizwi na mtu.

Tulipanga kuipiga siku ya pili, saa kumi jioni, ili majirani wawe wametoka shambani. Asubuhi yake mjukuu alinichukua kando, akaniambia jambo ambalo simlaumu kwalo. Amemaliza kidato cha nne, ana nafasi katika chuo cha ufundi, na karo haijatimia. Babu ana ng'ombe, lakini ng'ombe wa Mwiraqw si fedha za benki. Kila mmoja ana historia na ana mtu anayemhusu. Santuri haina mtu. "Imekaa miaka yote hiyo," alisema kijana. "Inakula nini? Inazaa nini?" Nilimwambia ana haki. Nilikuwa na bahasha ya fundi katika mfuko wa ndani wa koti, na kila nilipoinama niliisikia.

Saa kumi ilipofika uwanja ulikuwa na watu wapatao thelathini, wengi wao watoto. Niliiosha santuri kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikiipangusa kwa kufuata duara lake, nisiukate mfuo, maana sauti yote imo katika ule mfuo mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati. Watoto hawakuamini kwamba msumari utatembea juu ya sahani hiyo na mtu ataimba. Mmoja aliuliza umeme uko wapi. Nilimfungulia tumbo la gramafoni akaziona betri.

Niliweka sindano, na kilichotoka kilikuwa kilio. Nilikuwa nimekiacha kidude cha mwendo kwenye mizunguko 45 kwa dakika badala ya 33, hivyo bendi nzima ilikuwa ikikimbia kama kuku waliofukuzwa. Watoto walishangilia sana. Kwao hapo ndipo burudani ilipofikia kilele. Nilirekebisha mwendo, nikarudisha sindano mwanzo.

Sitajaribu kukuandikia muziki kwa maneno. Magitaa yaliingia kwanza akilini mwangu, ingawa sina hakika kama ndiyo yaliyotangulia. Kisha saksafoni na tarumbeta. Kisha sauti ya Balisidya, ya Kiswahili safi, karibu sana, kana kwamba amekaa kwenye kigoda pale pale uwanjani. Wanawake wawili waliacha kupepeta. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wenye kovu umeshika goti.

Nilimtazama nikitarajia machozi. Nakiri hivyo kwa sababu sisi waandishi hupenda machozi. Hakulia. Upande wa kwanza ulipokwisha, sindano ikabaki inakwaruza katikati, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sivyo nilivyodhani."

Nilimwuliza alidhani vipi. Alieleza polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili na kuyaacha. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiipiga santuri hiyo kichwani mwake. Alikuwa ameitungia nyimbo. Usiku akikosa usingizi aliusikiliza upande wa kwanza, na nyakati za njaa au msiba aliusikiliza wa pili, ambao aliufanya kuwa wa polepole zaidi. Sasa amesikia iliyo kweli. Ni nzuri, alisema. Lakini ni nyingine, na ile ya kwake hajui kama atairudia.

Sikuwa na jibu. Aliyejibu ni mkewe, aliyekuwa amekaa nyuma yetu muda wote akichambua maharage. Alisema kwa Kiiraqw, mjukuu akanifasiria: "Geuza. Bado upande mmoja."

Upande wa pili ulikuwa na mkwaruzo mahali fulani, sindano ikaruka mara tatu pale pale, na betri zilikuwa zimeanza kuchoka hivi kwamba sauti iliteremka kidogo kidogo na Balisidya akaonekana anazeeka akiimba. Hata hivyo palikuwa na sehemu ambayo mmoja alitoa neno na wengine wakampokea, naye yule mama alianza kuitikia kwa sauti ya chini, si maneno ya wimbo bali itikio la kwao. Wairaqw wana maombi yao ya baraka yanayoitwa slufay: mzee husimama, akasema maneno ya kuiombea nchi mvua, mifugo na amani, na watu humwitikia kila anapomaliza fungu. Wanawake wengine wawili watatu walijiunga naye. Halafu mzee. Ilikuwa kwa kitambo kifupi tu, na mdundo haukukubaliana sana na ule wa santuri. Lakini hakuna aliyejali, na nadhani wale Waswedi wangefurahi kuliko watu wote.

Baada ya hapo aliniuliza habari za Balisidya. Nilimwambia alifariki dunia mwezi wa nane, mwaka 2004. Alitikisa kichwa, akasema alizisikia habari hizo redioni, alitaka tu kujua kama ni kweli.

Usiku, tukiota moto, nilitoa bahasha nikaiweka juu ya meza mbele ya babu na mjukuu. Nilieleza fundi ni nani, kwamba si mchuuzi wa kupeleka vitu nje, na kwamba fedha ni hizi. Mzee hakuzihesabu. Alizungumza na mjukuu wake kwa muda mrefu kwa lugha yao, na ingawa sikuelewa neno, niliuona uso wa kijana ukikunjamana, kisha ukakunjuka. Mwishowe mzee alinigeukia.

Santuri itauzwa, alisema. Kijana hana budi kusoma. Nusu ya fedha apewe sasa, aende chuoni, na nusu fundi akae nayo. Lakini santuri haitaondoka mpaka Krismasi, watoto wake watakapokuja kutoka Arusha, Babati na Singida, maana kwa miaka yote waliambiwa habari za kitu hiki na baadhi yao walidhani baba yao anatia chumvi. Waje wasikie. Na kwa kuwa hawawezi kuisikia kwa kuitazama tu, ingefaa gramafoni nayo ibaki.

Nilimkumbusha kwamba gramafoni si yangu. Alisema anafahamu, ndiyo maana anaomba.

Asubuhi nilifunga mfuko wangu wa shangazi kaja, ukawa mwepesi mno, una shuka tu ndani. Nilipopanda pikipiki nilitazama nyuma: juu ya bati la jiko kijana alikuwa amezipanga betri sita kwa mstari, zikisubiri jua litoke.

Simu ya fundi ilinikuta Basotu, katikati ya upepo. Nilijikunyata nyuma ya kibanda cha wauza mafuta, nikamsimulia yote kwa mkato, nikingoja anigombeze. Aliuliza kwanza: "Inalia?"

Nikamwambia inalia, ila upande wa pili una mkwaruzo.

Alinyamaza kwa muda nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kama pale Haydom betri kubwa zinapatikana, na kama nimewaonya wasiiache santuri karibu na moto.